Mstari Wenye Manyoya

Mchoraji Marc Chagall alifika Berlin mwaka 1922 akiwa na kumbukumbu za maisha yake alizoziandika mwenyewe: mji wa Vitebsk, mama, mababu, baba aliyebeba mapipa ya samaki kwa mfanyabiashara wa heringi. Mchapishaji Paul Cassirer alitaka kuzichapisha pamoja na picha. Hermann Struck, Myahudi mshika dini na bingwa wa kuchora kwenye sahani za shaba, akamfundisha fani hiyo. Tafsiri ya Kijerumani ikakwama, na mwaka 1923 picha 20 zikatoka peke yake kwa jina la *Mein Leben*.

Anayepima ubora wa kazi ya namna hii asianze na huzuni iliyomo. Aanze na mstari.

Sahani nyingine huliwa na asidi. Nyingine hukwaruzwa moja kwa moja kwa ncha ya chuma. Ncha hiyo huinua kingo ndogo za shaba kandoni mwa mkwaruzo, kama udongo unavyolala kando ya jembe. Wino hunasa hapo, na kwenye karatasi mstari hutoka na manyoya laini, mzito kama mahameli. Shaba isipopakwa chuma juu, kingo hizo hulala mapema. Ndiyo maana ndevu za babu katika nakala za mwanzo huwa na uhai ambao nakala za mwisho hazina.

Mtihani mkali zaidi ni herufi. Sahani hugeuza kila kitu kama kioo, kwa hiyo Kiebrania, kinachosomwa kutoka kulia kama Kiarabu, huchongwa kinyume. Herufi dalet ina kona kali, resh imepinda. Aliyehangaika madrasa na dali na rei ataelewa mara moja. Katika chapa ya jiwe la kaburi, kisu kikiteleza kidogo tu, jina Daudi, lenye dalet mbili, si Daudi tena, na kaburi limekosa mwenyewe.

Mchongaji Solomon Yudovin alilijua hilo. Kati ya 1912 na 1914 alizunguka na msafara wa utafiti wa S. An-sky katika miji midogo ya Wayahudi, akipiga picha watu na mawe ya makaburi, kisha akayachonga mapambo ya mawe hayo kwa ajili ya chapa. Katika chapa ya aina hiyo, kagua weupe ulio ndani ya herufi na kati ya makucha ya simba wa mapambo: uwe umekatwa safi, bila vijiti vilivyosahauliwa na patasi.