Mlinda Lango Asiyesema

elFinder ni programu huria ya kusimamia faili kwa kivinjari. Anayeitumia huona mafaili na picha zake zimepangwa kama kabatini, lakini kazi yenyewe ya kuhifadhi, kufuta na kubadili majina hufanyika kwenye seva. Huko waundaji wake waliacha nafasi ya kuongeza programu-jalizi, nami nawasifu kwa hilo. Anayetaka kazi ya ziada hahitaji kuifumua programu nzima. Huandika kipande chake na kukifunga kwenye tukio fulani, kwa mfano kabla faili iliyopakiwa haijahifadhiwa. Sanitizer husafisha jina la faili. Watermark hugonga alama juu ya picha. Ninachogombana nacho ni AutoResize, kipunguza picha.

Kisipoelekezwa vingine, hupunguza picha mpaka upana wala urefu usizidi pikseli 1024. Hufanya hivyo kabla ya kuhifadhi, juu ya faili ile ile, hata ile picha kubwa haifiki hifadhini. Kwa picha za mahafali sina neno. Lakini chuo kimoja cha ualimu nikijuacho kilipakia rejista za wanachuo wa miaka ya 1960, zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Wino umefifia, majina yamebanana katika safu nyembamba. Picha zilipopunguzwa, 3 na 8 zikawa kitu kimoja. Kadi za kamera zilikuwa zimekwisha kufutwa. Mwalimu mstaafu anayetafuta uthibitisho wa mwaka aliohitimu aambiwe nini?

Kiufundi kipande hicho hakina kosa, kinatenda kilichoahidi. Ubaya wake ni ukimya. Kikishafungwa, hugusa kila hifadhi isipokuwa ile ambayo msimamizi ameitenga katika mipangilio, na karani anayepakia haonyeshwi ujumbe wowote kwamba alichokileta sicho kilichohifadhiwa. (Hata mtunza stoo wa shule ya msingi hutoa risiti.) Ipo njia ya kukiepa kwa kushikilia kitufe wakati wa kuburuta faili, lakini inamfaa yule tu anayejua kwamba kipo.

Rejista zile sasa zinapigwa picha upya, na hifadhi yake imetengwa. Wameanza na ya 1964, maana mchwa wamekwisha kula jalada lake.