Dirisha Linaposogea: Uhakiki wa Uhuishaji katika Violesura vya Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jambo ambalo walimu wa lugha tumezoea kuwaachia mafundi, yaani mijongeo inayoonekana kwenye skrini za kompyuta na simu. Dirisha hujikunja na kushuka, menyu huchomoza pembeni, kiduara huzunguka kumtaka mtumiaji asubiri. Hoja yetu ni kwamba mijongeo hii ni sehemu ya matini anayoisoma mtumiaji. Kuihamisha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ni kazi ya tafsiri, na anayeihamisha apimwe kwa vigezo tunavyompimia mtafsiri.

Tuanze na istilahi. Wapo wanaoiita mijongeo hii "athari". Neno hili halifai, kwa kuwa athari kwa Mswahili ni matokeo ya jambo, na aghalabu matokeo mabaya: athari za vita, athari za ukame. Wengine husema "madoido". Hili lina ladha ya Kiswahili, ila linaeleza nusu tu ya jambo. Doido ni pambo, likiondolewa maana haipungui. Katika Compiz, programu iliyotolewa kwa Linux mwaka 2006, dirisha liliweza kuyumbayumba kama kitambaa lilipoburutwa. Hilo ni doido. Lakini dirisha linalopungua hadi likaingia kwenye upau wa chini humwambia mtumiaji kwamba halijafungwa, lipo pale. Hiyo ni ishara. Tunapendekeza istilahi hizi mbili zitenganishwe.

Tofauti hii si ya darasani tu. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianzishwa mwaka 1958, na yana watu waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha, ingawa si sanifu wakati wote: Mkongomani husema "fungula" pale tunapofundisha "fungua". Mathalani, mtu aliyezoea simu ya bei nafuu ya Android huko Nakivale huenda akafika Mbarara akakuta Windows kwenye kompyuta kuukuu ya intaneti kafe, tena maandishi yote ni ya Kiingereza. Kwa mtu huyu, mjongeo ndiyo tafsiri ya kwanza anayoipata. Dirisha likitoweka ghafla, atadhani barua yake imepotea. Ataiandika upya, au ataacha kabisa.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Mjongeo ni picha tuli zinazofuatana, aghalabu 60 kwa sekunde. Mwandishi wa programu anaweza kuagiza dirisha lisogee hatua 30 kisha lisimame. Kwenye mashine imara safari hiyo huchukua nusu sekunde. Kwenye mashine dhaifu inayotoa picha 15 kwa sekunde, huchukua sekunde mbili. Mtumiaji hudhani amri yake haikusikika, hubonyeza tena, na fomu yake ya maombi huenda ikatumwa mara mbili. Hii ni sawa na tafsiri ya neno kwa neno: umbo limehifadhiwa, maana imepotea. Mwandishi hodari huufungamanisha mjongeo na saa. Nusu sekunde ikipita, dirisha liwe limefika, hata kama picha kadhaa zimerukwa.

Aidha, kila mfumo una nahau zake. Katika Mac OS X ya mwaka 2001 dirisha lilinyonywa chini kama jini anayerudi chupani. Flutter, iliyofikia toleo la 1.0 Desemba 2018, huchora kila kitu yenyewe ili programu moja ionekane vilevile kwenye Android na iPhone. Faida yake ni kupunguza kazi na gharama. Kasoro yake ni kwamba asiyekuwa mwangalifu ataulazimisha mfumo mmoja kuzungumza kwa lafudhi ya mwingine. Eugene Nida alikwisha tutahadharisha mwaka 1964 kwamba ulinganifu wa umbo na ulinganifu wa dhima ni mambo mawili.

Hata hivyo, ishara isiachwe peke yake. Mwaka 2013 baadhi ya watumiaji wa iOS 7 walilalamika kwamba mijongeo yake iliwatia kichefuchefu, na mifumo mingi sasa huruhusu kuipunguza au kuizima. Kwenye mashine dhaifu huzimwa ili kazi isichelewe. Hapo neno ndilo linalobaki.

Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na wataalamu waliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaimudu kompyuta. Kazi iliyobaki ni kuchagua vitenzi visivyotegemea mjongeo. "Teremsha dirisha" ni amri nzuri pale tu dirisha linapoteremka. "Punguza" huweza kueleweka kuwa ni kupunguza ukubwa tu. "Ficha" humtia mgeni wasiwasi. "Weka kando" inafaa zaidi, kwa sababu kilichowekwa kando hakijapotea, na Mkongomani, Mrundi na Mganda wataielewa bila mkalimani.

Tunawahimiza wanafunzi wa tafsiri wanaokusanya istilahi za kompyuta wazijaribu kwanza kwenye mashine ambayo mijongeo yote imezimwa. Istilahi itakayoeleweka hapo itaeleweka popote.