Kinu cha Kamkwamba

Habari za William Kamkwamba wa Malawi husimuliwa zaidi kama habari za njaa: mavuno yaliharibika, ada ikakosekana, na kijana wa miaka 14 akaacha sekondari akawa anashinda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi Wimbe. Yote ni kweli. Mimi lakini hupenda kukitazama kinu chenyewe, kile cha upepo alichojiundia ili apate umeme.

Shida ya kinu cha upepo ni mwendo. Mapanga huzunguka taratibu, na dinamo haitoi kitu mpaka izungushwe mbio. Kiwandani wangefunga giaboksi. Kamkwamba alifunga baiskeli mbovu ya baba yake. Feni kuukuu ya trekta aliiongezea mapanga ya bomba la plastiki, bomba alilolipasua na kulilainisha motoni hadi likawa bapa. Ekseli aliipata kwenye shokomzoba. Ikawa ekseli inazungusha gia kubwa ya pedeli, mnyororo unazungusha gia ndogo ya nyuma, na tairi linazungusha kichwa kidogo cha dinamo. Kila hatua, mwendo unaongezeka. Sote tuliopanda baiskeli tunalijua hilo kwa miguu, ila nani aliwahi kuliwaza?

Keekee hakuwa nayo. Alichomeka msumari kwenye gunzi la hindi, akaupasha moto, akatobolea plastiki. Washa zake zilikuwa visoda vilivyopondwa.

Lakini ninapomvulia kofia ni kwenye kikata umeme. Nyaya chini ya paa la nyasi si mchezo, na zake ziliwahi kugusana. Akachukua misumari miwili, akaizungushia waya wa shaba, akaning'iniza kipande cha sumaku katikati. Umeme ukizidi, misumari hugeuka sumaku: mmoja unavuta, wa pili unasukuma, kipande kinaruka upande na njia inakatika. Mwenye haraka angeishia taa ilipowaka. Huyu alikaa akafikiria itakavyoharibika.

Mwaka 2007 alipanda jukwaani Arusha, kwenye mkutano wa TED, akaeleza kazi yake kwa maneno machache. Sinema ya Chiwetel Ejiofor ya mwaka 2019 inayomhusu inamalizia kwa kinu kinachovuta maji shambani. Ukiitazama, ujue kwamba kinu cha kwanza kiliwasha balbu. Pampu ilikuja baadaye.