Mumiani na Kamera: Uhakiki wa Filamu za Kiitaliano za Walaji Watu

Kuna filamu ambazo ni rahisi kuzilaani na vigumu kuacha kuzitazama. Miongoni mwazo ni filamu za kutisha za msituni zilizotengenezwa na Waitaliano kuanzia mwaka 1972 hadi miaka ya themanini. Ndani yake Wazungu wanaingia porini, wanakutana na watu wanaoitwa washenzi, na mwishowe wanaliwa. Insha hii inahakiki iliyo maarufu kuliko zote, Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato (1980), pamoja na jamaa zake wa karibu. Swali langu ni hili: kwa nini mtazamaji wa Jinja au Mbale avutwe na filamu inayomtukana mtu wa msituni, ilhali machoni pa Mzungu wa filamu hizo mtu huyo hatofautiani sana na yeye? Hoja yangu ni kwamba filamu ya Deodato inakaribia kuwa hadithi tuliyokuwa nayo Afrika Mashariki kabla yake, yaani hadithi ya mumiani. Mvuto wake uko hapo. Inashindwa kwa sababu damu ya kweli iliyomo ndani yake ni ya wale ambao haikutaka kuwajua.

Filamu inayohesabiwa kuwa ya kwanza katika mkondo huu ni Il paese del sesso selvaggio ya Umberto Lenzi (1972), iliyopigwa Thailand. Deodato alitoa Ultimo mondo cannibale mwaka 1977, na Sergio Martino akatoa La montagna del dio cannibale mwaka 1978. Msuko wao haubadiliki sana. Mgeni anapotea au anamtafuta aliyepotea, wanyama wanachinjwa mbele ya kamera, wanawake wanavuliwa nguo, na wenyeji hawana majina wala maneno yanayotafsiriwa. Ukishatazama mbili, ya tatu unaweza kuisimulia kabla haijaanza.

Cannibal Holocaust inatofautiana na wenzake kwa muundo. Profesa Harold Monroe, mwanaanthropolojia wa New York, anakwenda Amazoni kuwatafuta vijana wanne waliopotea wakitengeneza filamu ya habari. Anakuta wamekufa, anarudi na mikebe ya mikanda yao. Katika nusu ya pili tunaitazama mikanda hiyo pamoja naye, na polepole tunagundua walichokifanya vijana hao, wakiongozwa na Alan Yates. Walichoma kijiji, walimbaka msichana, walitisha na kuua ili wapate picha za kusisimua. Walipoliwa, walikuwa wameshakula. Wakuu wa televisheni wanaotaka kuionyesha mikanda hiyo hatimaye wanaamuru ichomwe, na Monroe anatoka nje akijiuliza walaji watu hasa ni akina nani.

Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, swali hilo lina historia. Kamusi zetu zinaeleza mumiani kuwa dawa inayodhaniwa kutengenezwa kwa damu ya watu, na jina hilo likahamia kwa mtu anayeitafuta damu hiyo. Pwani walimwita mumiani. Kampala na Nairobi walisema wazimamoto, au bazimamoto kwa Kiganda. Sehemu za Tanganyika walisema mchinjachinja. Hadithi zenyewe zinafanana: watu wanakamatwa usiku, wanapelekwa mahali pasipojulikana, damu yao inatolewa, kisha inageuzwa dawa ya Wazungu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizi, zikiwemo za Uganda na Kenya, akachapisha kitabu juu yake mwaka 2000. Hakuzichukua kama ujinga wa watu wasiosoma. Alizisoma kama namna ambayo watu waliusemea ukoloni: hospitali zake, magari yake, kazi zake za mshahara.

Jambo la kushangaza ni kwamba hadithi hii iligusa hata mjadala wa wasomi kuhusu ulaji watu. Mwanaanthropolojia William Arens alifanya utafiti Mto wa Mbu, kaskazini mwa Tanzania, na huko aligundua kwamba baadhi ya wanakijiji walimshuku yeye kuwa mchinjachinja. Mwaka 1979 alichapisha kitabu The Man-Eating Myth, akidai kwamba ushahidi wa jamii zinazokula watu kwa desturi ni hafifu, na kwamba mara nyingi ni maneno ya watu juu ya jirani zao. Wasomi wengi walimpinga, na mjadala haujafungwa. Mwaka mmoja baadaye ikatoka filamu ya Deodato. Mwaka 1981 Lenzi akatoa Cannibal Ferox, ambayo mhusika wake Gloria ni mwanafunzi anayekwenda Amazoni kuthibitisha kwamba ulaji watu ni uzushi. Anawakuta walaji watu, anaponea chupuchupu, anarudi New York, anaandika tasnifu inayokana yote aliyoyaona, na anatunukiwa shahada ya uzamivu. Kwetu sisi tunaohangaika na tasnifu hiki ni kichekesho kichungu, maana filamu inatuambia kwamba msomi anayewatetea wenyeji ni mwongo.

Sasa tuziweke hadithi hizi mbili bega kwa bega. Mumiani ni mgeni mwenye chombo. Ana sindano, ana ndoo, ana gari jekundu, na anachokitoa kwetu kinakwenda kumnufaisha mtu wa mbali. Katika Cannibal Holocaust chombo ni kamera, ndoo ni mikebe ya filamu, na mnywaji ni mtazamaji wa televisheni wa New York. Alan Yates ni mumiani kamili. Ndiyo maana mtazamaji wa kwetu hahitaji kufundishwa amshabikie nani kijiji kinapochomwa.

Nimeitazama filamu hii mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na wanafunzi wenzangu Mbale, mara ya pili nyumbani kwa binamu yangu Walukuba, Jinja. Mbale tulitazama kimya, tukisoma maandishi ya chini. Jinja mambo yalikuwa mengine. Binamu yangu amekulia kwenye vibanda vya video, ambako vijei, yaani yule mfasiri anayesema juu ya filamu, hatafsiri tu. Anaongeza, anatania, anawapa wahusika ukoo na madeni. Binamu alishika kazi hiyo kwa Kisoga. Mzee mmoja wa kijiji cha Amazoni akawa Waiswa, mwenye nguruwe aliyekusudiwa mahari. Mwanamke aliyesimama nyuma yake akawa Babirye, asiyetaka wageni tangu mwanzo. Kijana mmoja mweupe alipompiga risasi nguruwe, chumba kizima kilimlilia Waiswa mahari yake. Filamu haikumpa mzee yule jina wala sababu ya kukasirika. Vijei wa sebuleni alimpa vyote viwili kwa sentensi tatu.

Hapo ndipo nilipoona wazi kinachokosekana. Filamu inawaita wenyeji wake Wayanomamo, jina la watu wa kweli wanaoishi mpakani mwa Brazil na Venezuela, ingawa picha zilipigwa karibu na Leticia, Kolombia. Wayanomami wa kweli huchanganya majivu ya mifupa ya marehemu wao na uji wa ndizi, wakanywa katika maombolezo. Mtu akitaka kujua maana ya kula na kufa katika jamii ile, pana jambo zito la kufikiria. Deodato hakulihitaji. Alihitaji meno na matumbo.

Wanaoitetea filamu husema kwamba ni kejeli: inaonyesha ukatili ili ilaani vyombo vya habari vinavyouza ukatili. Nakubali nusu. Maudhui yanamlaani mwenye kamera, lakini fani inatenda kama yeye. Wanyama waliouawa mbele ya kamera waliuawa kweli, akiwemo kobe mkubwa wa majini na nguruwe aliyetajwa. Tukio la kima lilipigwa mara mbili, kwa hiyo walikufa kima wawili. Huwezi kumshitaki mtu kwa kuua ili apate picha, huku nawe ukiua ili upate picha ya mashitaka hayo.

Lipo jambo zito zaidi, na ni rahisi kupitwa nalo. Ndani ya filamu tunaonyeshwa kipande cha kazi ya awali ya Alan Yates, chenye picha za watu wakiuawa kwa kupigwa risasi. Mhusika mmoja anamweleza Monroe kwamba yote yale yalikuwa maigizo, kwamba Alan aliwalipa askari. Ukweli ni kinyume. Picha zile ni za habari, na zimo humo za watu waliouawa Nigeria. Kwa hiyo Deodato alichukua vifo vya kweli vya Waafrika akaviita maigizo, kisha akachukua maigizo ya vifo vya Wazungu akayafanya yaonekane ya kweli. Alifaulu kiasi kwamba filamu ilikamatwa Milano muda mfupi baada ya kutoka, na yeye akashukiwa kuwaua waigizaji wake. Ilimbidi awatoe hadharani kuthibitisha kwamba wako hai. Habari hii husimuliwa kila filamu hii inapotajwa, na husimuliwa kama kichekesho. Lakini tazama ni vifo vya nani vilivyohitaji kuthibitishwa. Waigizaji wale walitafutwa kwa majina. Wale wa Nigeria wamebaki kuwa picha.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuko mbali na habari hii. Deodato alipata muziki wake kwa Riz Ortolani, ambaye mwaka 1966 alikuwa ametunga muziki wa Africa Addio ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Filamu hiyo, inayojiita ya habari, inaonyesha Unguja Januari 1964 ikitazamwa kutoka angani: maiti, makaburi, watu wakikimbilia ufukweni. Kutoka juu hivyo, mtu ni nukta nyeusi kwenye mchanga mweupe. Mwezi huohuo askari waliasi Dar es Salaam tarehe 20, na kambi ya Jinja ikafuata tarehe 23. Kwa Jacopetti yote ya wakati ule ni ushahidi wa jambo moja: kwamba Mzungu akiondoka, Afrika inajitafuna. Alituhumiwa pia kwamba huko Kongo mauaji ya mtu yalipangwa yaifae kamera yake. Alichunguzwa Italia, na hakupatikana na hatia. Wahakiki wengi humwona Alan Yates kuwa kivuli cha watengeneza filamu wa aina hiyo. Basi Deodato alimjua mumiani vizuri, na alijua anakotoka. Hata hivyo alimwajiri mpiga muziki wake, akaanza filamu yake kwa kuutazama msitu kutoka angani huku wimbo mtamu ukipigwa.

Kwa nini jambo hili linihusu mimi, mtoto wa mashariki mwa Uganda? Kwa sababu kamera inakuja kwetu pia. Kila mwaka wa shufwa, mwezi Agosti, Wamasaba hufungua msimu wa imbalu Mutoto, karibu na mji wa Mbale, na wageni wenye kamera huwa wengi. Sisemi wazuiwe. Lakini kabla ya kisu, kijana amecheza kwa siku kadhaa, amepita kwa wajomba na shangazi, amepakwa unga na chachu, ametajiwa waliomtangulia. Anaposimama bila kupepesa macho, ukoo mzima umesimama naye. Anayekata yote hayo akabakiza kisu na damu hajasema uongo juu ya kisu. Amesema uongo juu ya kijana. Nikitazama filamu za Lenzi na Deodato namwona kijana huyo akiwa hana mjomba wala jina.

Sipendekezi filamu hizi zipigwe marufuku, wala sipendekezi atakayechukizwa alazimishwe kuzitazama. Matukio ya ubakaji peke yake yanatosha kumfanya mtu atoke nje, naye atakuwa na haki. Ninachopendekeza ni kwamba Cannibal Holocaust isomwe pamoja na simulizi za mumiani katika somo la fasihi simulizi, maana kila moja inaieleza nyingine. Hadithi ya mumiani haikuwa na kamera, haikuuzwa kwa tiketi, na haikumuua mtu ili isimuliwe. Pamoja na hayo ilisema kwa uwazi zaidi ni nani anayekula na ni nani anayeliwa.

Zaidi ya hapo, hadithi hiyo inangoja kupigwa filamu na wenyewe. Kisingizio cha fedha hakina nguvu sana. Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 mtaani Wakaliga, Kampala, kwa fedha kidogo mno. Ina vurugu tele, lakini damu yake ni ya kuigiza, wanaokufa ni watu wa mtaani wanaoamka na kucheka, na sauti ya vijei Emmie inatukumbusha hilo kila dakika. Jinja ina kambi ya zamani, reli na mto. Mbale ina mlima na wazee ambao bado wanalikumbuka neno bazimamoto. Kazi ya kwanza, kabla ya kamera, ni kuwauliza wazee hao majina ya waliopotea.