Kutu ya Kontena na Jinsi ya Kuisoma

Mtu anayetafuta kontena la kufanyia fremu ya duka akiingia yadi, jicho hukimbilia lile lililopakwa rangi jana. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana brashi hupita kabla ya mteja. Mimi ningeanzia kwenye lile lililopauka, lenye michubuko na madoa ya kahawia, kwa kuwa huko bado hakuna aliyeficha kitu. Kutu inasomeka, na ikisomwa vizuri inasema mengi kuliko dalali.

Bati la kontena si chuma kile cha kuchomelea mageti ya mtaani. Limechanganywa shaba kidogo na kromiamu, mara nyingi na nikeli, silikoni na fosforasi, vyote kwa viwango vidogo. Chuma cha namna hii kililetwa sokoni na kampuni ya Marekani ya U.S. Steel mwaka 1933 kwa jina la Cor-Ten, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa mabehewa ya makaa ya mawe. Sifa yake ni kwamba kutu inayokipata haipukutiki. Hujishikiza kwenye chuma, ikawa utando mzito wa kahawia iliyoiva unaopunguza kasi ya maji na hewa kupenya ndani. Kupunguza, nasema, si kuzuia. Mbunifu Eero Saarinen alikiamini kiasi cha kukiacha bila rangi kwenye makao makuu ya John Deere kule Moline, Illinois, yaliyofunguliwa 1964.

Lakini utando huo una masharti. Chuma lazima kilowe kisha kikauke, kilowe kikauke. Kikibaki na unyevu muda wote, au chumvi ikikitembelea kila siku, utando haukomai na kutu inaendelea kula. Honolulu walijionea wenyewe kwenye uwanja wa michezo wa Aloha, uliojengwa kwa chuma hiki na kufunguliwa 1975: hewa ya bahari haikuipa kutu nafasi ya kutulia, na matengenezo yakawa wimbo wa miaka mingi. Kwa hiyo anayekuambia "hili ni chuma cha meli, halioziki" huku kontena limekaa Kigamboni au Nyali likipigwa na upepo wa pwani, msikilize kwa adabu kisha endelea kukagua. Kontena hilohilo likipelekwa Dodoma, kwenye kiangazi kirefu, litadumu zaidi bila kufanyiwa lolote. Ni kwa sababu ya chumvi ndiyo makontena hupakwa rangi tangu kiwandani, kwa kawaida kwa kuanza na prima yenye zinki. Faida ya chuma hiki huonekana pale rangi inapochubuka, kwani kidonda hakitambai haraka chini ya rangi inayokizunguka.

Sasa shika nyundo ndogo, bisibisi, tochi na sumaku, kisha lala chini.

Ndiyo, chini. Wanunuzi wengi hawafiki huko, nami naona ndiko kontena linakoishi au kufa. Ubavu una unene wa takriban milimita 1.6 tu, lakini ukitoboka fundi anaweza kuubandika kiraka kwa nusu siku. Sakafu imebebwa na mihimili mifupi inayokatiza upana, na hiyo ikiliwa unanunua gharama. Mulika maungio ya mihimili hiyo na boriti ndefu za pembeni, kisha mifuko ya kuingizia meno ya foklifti. Humo tope hujaa, tope hushika maji, na pasipokauka chuma hiki hakina ujanja wowote. Gonga. Chuma kizima hulia, kilichokwisha hutoa mlio mfu. Kwangua kwa bisibisi: ukitoka unga mwembamba na chini yake pakabaki pagumu, peusi au kahawia nzito, hiyo ni kutu ya uso na haina neno. Ikibanduka kwa tabaka, kama kurasa za daftari lililolowa, endelea kuchimba uone inafika wapi. Bisibisi ikizama, mazungumzo ya bei yaanze upya au yaishe.

Rangi mpya chini ya kontena ni ya kuitilia shaka kuliko mahali pengine popote. Ukiona imefunika magamba, au ina malengelenge, basi kutu imefungiwa ndani na inaendelea na shughuli zake. Kwenye ubavu tumia sumaku. Ikivuta kwa nguvu huku na kulegea pale, umekuta puti. Kiraka chenyewe si dosari, mradi kimekunjwa kufuata mikunjo ya ubavu na kuchomelewa mfululizo pande zote. Kipande bapa kilichoshikwa kwa nukta nne na silikoni pembeni kitaanza kuvuja masika yajayo.

Milango inataka subira kidogo. Ikigoma kufunguka, muuzaji atasema ardhi haiko sawa, na mara nyingi anasema kweli, kwa sababu kontena likiinama kona moja hujipinda na milango hukwama. Mwambie alisawazishe kwa vipande vya mbao, kisha ujaribu tena. Bado ikigoma, fremu imepinda. Kagua pia kizingiti cha chini, nyuma ya mpira wa mlango, maana maji hujificha hapo na mpira uliopasuka huyaalika.

Kisha ingia ndani, mwenzako afunge milango. Tulia mpaka macho yazoee giza. Kila tundu litajionyesha lenyewe kwa nuru, hasa juani saa sita. Paa lililobonyea halijatoboka bado, ila dimbwi litatuama hapo kila mvua inyeshapo, kwa hiyo lihesabu kama tundu la baadaye.

Sakafu kwa kawaida ni plaiwudi ya milimita 28, iliyotiwa dawa ya wadudu. Ukikusudia kuweka nafaka au kulaza watu, soma kibati kilichopigwa mlangoni, kwa kawaida dawa hutajwa hapo, na vilevile nusa. Harufu ya kemikali kwenye sakafu iliyomwagikiwa haitoki kwa sabuni. Kibati hichohicho, kinachotakiwa na mkataba wa kimataifa wa usalama wa makontena wa 1972, kinataja mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Ukaguzi wa kwanza hufanywa kabla ya miaka mitano kutimia, unaofuata ndani ya kila miezi 30, isipokuwa kama mwenye kontena ana mpango wa ukaguzi endelevu. Kama hutalipandisha melini tena, ukaguzi uliopitwa na wakati si kikwazo. Umri ndio wa kuutazama. Lililofika miaka kumi na kitu baharini si kuukuu kwa kazi ya nchi kavu ikiwa mihimili yake ni mizima, na mimi ningelichukua kabla ya la miaka saba lililotelekezwa kwenye tope.

Mawili ya baada ya kununua, kwani huko ndiko watu huharibu kitu kizuri. Weka matofali imara chini ya kona zote nne, kwa kuwa uzito umeundwa kushuka kwenye kona, na acha upenyo wa kutosha hewa ipite na tochi iingie. Usirundike udongo ubavuni. Ukikata dirisha, mikunjo uliyoikata ndiyo iliyokuwa inaupa ubavu nguvu, hivyo chomelea fremu ya bomba la mraba kuzunguka tundu. Kingo zilizokatwa kwa grinda zipakwe prima siku ileile, na cheche zilizoangukia paani zifagiliwe kabla ya usiku, maana chembe hizo huota kutu yake kwenye rangi nzima.