Elimu ya Lugha za Kigermaniki na Mtoto Wake wa Kambo

Jina la elimu ni ahadi kwa mwanafunzi. Chuo kikuu kikiandika juu ya mlango kwamba ndani hufundishwa lugha na fasihi za Kigermaniki, kimeahidi ukoo mzima: Kijerumani, Kiingereza, Kiholanzi, Kiafrikana, Kiswidi, Kidenmaki, Kinorwe, Kiaislandi, na Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Lakini mwanafunzi wa shahada za juu aingiapo, aghalabu hukuta kuwa Kijerumani kimeketi kitini, Kiingereza kimehamia nyumba yake chenyewe, na ndugu waliobaki wamesimama barazani. Insha hii yataka kupima ahadi hiyo, na kipimo chake ni Kiyidi, kwa kuwa haki ya nyumba hujulikana kwa hali ya aliye mnyonge ndani yake.

Kwanza elimu hii ipewe sifa yake. Rasmus Rask wa Denmark mwaka 1818, na Jacob Grimm wa Ujerumani mwaka 1822, walionyesha kuwa sauti za lugha hazibadiliki ovyo, bali hufuata kanuni. Mwanzoni mwa neno, Kilatini kilipo na sauti ya p, lugha za Kigermaniki zina f: pater kwa Mrumi ni father kwa Mwingereza, na Vater kwa Mjerumani, ambaye huitamka v hiyo kama f. Mwanafunzi ajifunzaye Kigothi, chenye tafsiri ya Biblia ya karne ya 4, hapotezi wakati wake. Hujifunza kwamba hakuna lugha iliyozaliwa imekamilika, na kwamba neno la mkulima lina nasaba ndefu sawa na neno la mfalme. Elimu yenye fundisho hilo ilipasa iwe ya kwanza kuheshimu lugha za wanyonge.

Ila ilikuwa na kasoro tangu asili. Grimm alikiita kitabu chake Sarufi ya Kijerumani, hali ndani yake mlikuwa na Kigothi, Kiingereza, Kiholanzi na lugha za Skandinavia. Mmoja alipewa jina la wote. Mtu aweza kusema kuwa hili ni jambo dogo la anwani. Lakini jina huweza kugeuka dai la urithi. Mwaka 1846 wataalamu walipokutana Frankfurt, Grimm akiwa mwenyekiti wao, mazungumzo ya lugha na sheria yalichanganyika na mabishano juu ya Schleswig na Holstein, nchi zilizokuwa chini ya mfalme wa Denmark.

Sasa tumtazame mwanafunzi mmoja. Mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Marburg kilimpa shahada ya udaktari Max Weinreich, aliyezaliwa Kurland mwaka 1894. Nyumbani kwao kilisemwa Kijerumani. Kiyidi alikichagua mwenyewe. Marburg palikuwa mahali pa kufaa. Huko ndiko ilikohifadhiwa kazi ya Georg Wenker, ambaye tangu mwaka 1876 alipeleka sentensi kwa walimu wa shule ili wazigeuze katika lahaja za vijiji vyao, na majibu ya mahali zaidi ya 40,000 yakakusanywa. Nyumba iliyosikiliza vijiji kwa subira hiyo haikuwa na udhuru wa kuziba masikio mbele ya lugha ya mamilioni. Wengi walikiita Kiyidi Kijerumani kilichoharibika. Weinreich alikipima kwa mizani ile ile iliyopima ndugu zake. Hata hivyo tasnifu yake haikuchapishwa kitabu mpaka mwaka 1993, tena Marekani, mwandishi akiwa amekufa tangu mwaka 1969.

Baina ya tarehe hizo yako mambo ya kutisha. Katika Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi, wengi mno walikuwa wasemaji wa Kiyidi. Weinreich, aliyefika New York mwaka 1940, alitoa mwaka 1946 kitabu kiitwacho Hitler's Professors, akiwashtaki wataalamu waliotumikia mauaji hayo kwa kalamu zao. Ndani ya elimu ya Kijerumani yenyewe, ilikuwa mkutano wa Munich wa mwaka 1966 uliolileta jambo hili wazi mbele ya wataalamu. Nasaba ya maneno iliyofundisha usawa ilikuwa imegeuzwa nasaba ya damu.

Mtetezi atajibu kuwa fedha ni haba, wanafunzi ni wachache, na Goethe peke yake aweza kujaza umri wa msomaji. Jibu hilo lina ukweli, na hapana atakaye Goethe apunguzwe. Lakini haba ya fedha haielezi kila kitu. Isaac Bashevis Singer, aliyeandika kwa Kiyidi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Na katika miaka ya 1990 vyuo vikuu vya Trier na Düsseldorf, Ujerumani kwenyewe, viliweka viti vya uprofesa wa Kiyidi. Lililowezekana huko halishindikani kwingine.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kulitazama jambo hili. Kiyidi kina msingi wa Kijerumani, na ndani yake mna Kiebrania, Kiaramu na lugha za Kislavoni. Kwa sababu hiyo kilidharauliwa. Kiswahili nacho kimeambiwa mara nyingi kuwa ni mchanganyiko tu kwa ajili ya maneno yake ya Kiarabu, ingawa sarufi yake ni ya Kibantu dhahiri. Sisi twajua kuwa kukopa hakuondoi uzima wa lugha.

Rai yangu ni kuwa pasiwe na mwanafunzi apewaye shahada ya udaktari kwa jina la Kigermaniki ambaye hajasoma, pamoja na Kigothi na Kijerumani cha kale, walau kitabu kimoja cha Kiyidi katika lugha yake. Chuo kisichoweza sharti hilo na kiandike juu ya mlango wake Kijerumani tu, ambalo ni jina la heshima pia, na la kweli.