Kufuta, Kuondoa na Masalia: Kasoro ya Istilahi Moja

Miongozo mingi ya kompyuta iliyofasiriwa kwa Kiswahili hukitumia kitenzi "futa" kwa kazi tatu: kufuta faili, kuondoa programu, na kusafisha maingizo yaliyosalia baada ya programu kuondolewa. Twaona kwamba ubahili huu wa maneno una hasara.

Tumchukue karani wa masjala mwenye kompyuta ya Windows. Mwongozo wamwambia: "Futa programu usiyoitaka." Naye huifuta folda ya programu hiyo, akadhani kazi imekwisha. Kumbe programu iliposakinishwa iliandika habari zake katika rejista ya Windows: jina lake, mahali ilipo, na amri ya kuiondoa. Folda imetoweka, lakini jina lingali katika orodha ya programu. Na akitaka kuliondoa, amri hutafuta faili ambalo halipo tena. Karani hana kosa; ametii neno alilopewa.

Kasoro ya pili ina hatari zaidi. Masalia hayo huitwa "takataka". Takataka hufagiliwa bila kuulizwa, ilhali ingizo moja la rejista laweza kutegemewa na programu nyingine. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft yenyewe iliacha kutoa chombo chake kiitwacho Windows Installer CleanUp Utility, kwa kuwa kiliweza kuharibu sehemu nyingine zilizomo katika kompyuta. Istilahi inayoficha hatari haifai, hata ikiwa nyepesi ulimini.

Wako wanaotumia "sanidua". Umbo lake lafuata kauli ya kutendua, kama vile funga na fungua, ziba na zibua, hilo twalisifu. Lakini msanidi programu ni yule anayeitunga. Basi anayeisanidua angedhaniwa kuuvunja utunzi wenyewe, na hali anaitoa katika kompyuta moja tu.

Twapendekeza hivi. "Futa" litumike kwa faili na kwa ingizo moja moja. "Ondoa" kwa programu nzima. "Masalia" kwa maingizo yaliyobaki. Na rejista iitwe "daftari la mfumo". Neno daftari halitakuwa geni kwa watumishi wa umma: Tanzania ina Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na kila mtu aelewa kwamba jina halifutwi humo kabla ya kuhakikiwa.

Kwa istilahi hizo, mwongozo ungesomeka: "Ondoa programu kwa amri yake yenyewe. Masalia yakionekana, hifadhi kwanza nakala ya daftari la mfumo, kisha futa ingizo la programu hiyo pekee."

Maelezo hayo ni marefu kuliko neno "futa". Hata hivyo, mfasiri akumbuke kwamba msomaji wake hana mtu wa kumwuliza. Ana maneno yaliyo mbele yake tu, na atayatenda kama yalivyo.